Sekunde Nne Kwenye Mteremko

Papa Symphorien hakutaka kuisoma PV yake, karatasi ya maelezo aliyoyatoa polisi. Aliivuta upande wake wa meza, akauliza mahali pa kutia sahihi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Soma kwanza, Papa," Inspekta Victorine alisema.

"Nisome nini? Mi njo nilisema. Najua nilisema nini."

"Basi nisomee mimi."

Mzee alivaa miwani. Alikuwa na miaka sitini na miwili, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na nyusi zake bado zilikuwa na unga wa saruji ambao siku mbili za kasho ya polisi hazikuutoa.

"Siku ya alhamisi, saa kumi kasoro, nilikuwa naendesha kamiyo ya patro Willy, na mifuko makumi nane ya simenti ya Kabimba. Binti yangu Syntiche alikuwa amekaa pembeni yangu. Kwenye muteremuko nikashindwa kuishika kamiyo. Nikagonga kibanda ya Mama Thérèse, paa ikamuangukia, akavunjika muguu. Ni kosa yangu mimi mwenyewe." Akavua miwani. "Ni vile."

"Kwenye mteremko ulifanya nini?"

"Nilikanyaga freni, nikashusha vitesi."

"Kwanza nini?"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama miaka saba nyuma, siku Victorine alipozima injini mara tano katika uwanja ulio nyuma ya stesheni.

"Weye njo unaniuliza mimi ile? Freni kwanza. Unamaliza freni. Kisha unagusa vitesi. Ama nilikufundisha bure?"

Chini ya meza, mkono wa Victorine ulikwenda wenyewe kwenye goti lake la kulia. Nusu ya wenye leseni katika mji ule walifundishwa na Papa Symphorien, kuanzia mapadri hadi komanda wa polisi, na wote walilijua lile rula lake la mbao. Mguu wako ukiwa kwenye breki na mkono ukaanza kutafuta vitesi, yaani gia, rula lilishuka gotini, paa! Muguu umalize kazi yake, mukono ungojee zamu. Alikuwa akiyasema hayo bila kupandisha sauti.

Serge, msaidizi wa Victorine, alichungulia mlangoni akiwa na chupa ya maji. "Shefu, parke wamepiga tena. Wanataka dosye saa tisa. Sasa ni saa tano na nusu."

Victorine aliitazama ile karatasi. Ikifika parke, kwa mwendesha mashtaka, na sahihi, Papa Symphorien angelala gerezani usiku uleule, na leseni aliyoitunza miaka thelathini na minane bila doa isingerudi tena.

"Usitie sahihi bado, Papa."

"Kwa nini? Kila kitu iko pale."

"Ndiyo maana. Ni safi mno."

Simu yake ikalia. Namba hakuijua. Sauti ya mwanamke ilisema anaitwa Myriam, yuko Moba, ni mdogo wake Mama Thérèse.

"Mama Inspekta, dada alikuwa ananitumia sauti siku ile. Alikuwa anasema na mimi kwenye telefone wakati kamiyo inakuja. Tangu alhamisi nilikuwa naogopa kuifungua. Leo nimesikiliza. Nikutumie?"

"Tuma sasa hivi, Mama. Sasa hivi!"

Alimrudisha mzee kasho, akafunga mlango, akaiweka simu katikati ya meza. Serge aliinama upande mmoja, yeye upande mwingine.

Sauti ya Mama Thérèse ilijaa chumbani, nene na yenye ugomvi mtamu. "Myriam, weye, umuambie ule shemeji yako asiniletee tena samaki ya ndakala yenye muchanga. Mi sichuuzi kokoto. Jana mama moja alivunja jino hapa, akanitukania hadi bibi yangu kule..." Nyuma yake, mbali, filimbi nyembamba ya chuma ikaanza. Ikapanda. "Ngoja kidogo... Eh! Eh, Yesu wangu..." Kishindo, na kimya. Kidole chake kilikuwa kimetoka kwenye kitufe, na ujumbe ukaondoka wenyewe kwenda Moba.

Serge alikuwa ameshika mdomo. "Mama wa watu."

"Rudisha," Victorine alisema.

"Shefu..."

"Rudisha. Zile sekunde nne za mwisho tu."

Walizirudisha mara nane. Mara ya sita Victorine alikuwa amefumba macho, na miguu yake chini ya meza ilikuwa inakanyaga pedali ambazo hazikuwepo.

"Unacheza, Shefu?"

"Nyamaza, sikia. Ile filimbi ni breki. Kamiyo ile mji mzima unaijua kwa filimbi yake. Sasa, ndani ya filimbi, ikiwa bado inalia, injini inapanda. Vuum! Kisha inashuka, inakuwa nzito. Umesikia? Vitesi imeshushwa, na filimbi haijanyamaza."

"Nimesikia. Halafu?"

"Halafu huyo dereva alifanya mambo mawili kwa pigo moja. Alishika breki kwa ncha ya mguu, akagusa mafuta kwa upande wa mguu uleule, na mkono ukashusha vitesi. Papa Symphorien hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe."

"Labda aliogopa."

"Mtu akiogopa anarudia alichozoea. Ukimwamsha Papa Symphorien usingizini ukamtupa kwenye ule mteremko, atakanyaga breki, atamaliza, ndipo aguse vitesi." Alisimama na kuchukua funguo za jipu. "Hakuwa yeye, Serge. Anamficha mtu."

"Nani aliona?"

Hapo ndipo palipokuwa tatizo la dosye nzima. Mifuko ishirini ilipasuka pale pale, na mashahidi wote kumi na mmoja walisema jambo lilelile: waliona wingu, kisha watu wawili weupe kama mizimu wakitoka ndani yake. Mlango gani ulimtoa nani, hakuna aliyejua.

"Mi najua ni nani," Serge alisema wakiwa njiani. "Patro Willy. Ule anapenda mbio. Kila siku anajisifu vile alifika kule Bendera mbele ya jua kuwaka. Alikuwa kwenye usukani, akampanga mzee abebe musalaba."

Victorine aliongeza mwendo.

Uwanja wa Willy ulikuwa umezungukwa na ukuta wa matofali. Mlinzi, Papa Cyprien, aliwafungulia lango huku akisalimia kwa mikono yote miwili. Willy mwenyewe alitoka biro kwake na viatu vyeupe, anatabasamu.

"Inspekta! Mwanafunzi ya Papa Symphorien! Mumemuachia muzee?"

"Bado. Alhamisi saa kumi kasoro ulikuwa wapi?"

"Mimi?" Willy alicheka. "Bandarini. Nilikuwa nagombana na bantu ya boti." Akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye muhuri wa bandari, tarehe na saa. Serge alisogea pembeni na simu. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea.

"Ni kweli, Shefu. Alikuwa kule tangu saa nane. Wanasema kelele yake bado iko masikioni mwao."

Willy alifungua mikono kama padri. "Unaona? Na kamiyo haina kosa. Polisi yenu ilikuja jana asubuhi, ikakanyaga freni, ikaandika. Panda weye mwenyewe."

Kamiyo ilisimama karibu na ukuta, bampa limekunjwa, taa moja imetoka nje kama jicho. Ilivutwa mpaka pale alhamisi jioni kwa sababu iliziba barabara. Victorine alipanda, akawasha injini, akakanyaga pedali. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Breki nzima kabisa.

Alishuka, akainama, akaingia chini ya gurudumu la mbele la kushoto.

"Utachafua uniforme, Inspekta," Willy alisema.

Kule chini kila kitu kilikuwa na rangi moja. Chuma, waya, bolti, vyote vilikuwa na ganda la kijivu la vumbi la Kabimba. Isipokuwa kitu kimoja. Mpira mfupi wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa mweusi na unang'aa. Alipitisha kidole juu yake. Kidole kilitoka kisafi. Upande wa ndani wa tairi mstari mwembamba, wa unyevu uliokauka, ulikuwa umeteremka katikati ya vumbi.

"Mpira huu ni mpya?"

"Tulibadilisha mwezi jana," Willy alisema haraka. "Mi natunza gari zangu."

"Mwezi jana."

"Mwezi jana."

Victorine aliandika maneno hayo mawili katika daftari lake, na saa. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Papa Cyprien aliona, akakimbia kuleta ndoo ya maji.

"Nawa, mwanangu. Nikumwagie?"

"Acha, Papa, nitajimwagia." Aliinyanyua ndoo mwenyewe. Waya wa kushikia ulikuwa umevishwa kipande cha mpira ili usikate kiganja, lakini kiganja kiliteleza juu yake, na ndoo ilimponyoka kidogo ikamlowesha viatu. Aliponawa, mkono wa kulia ulibaki na utelezi, na harufu hafifu ya samaki. Aliupangusa kwenye sketi ya uniforme na kujilaumu. Lakini Kalemie ni kitu gani kisichonuka samaki?

Nje ya lango, msichana aliyebeba sahani ya ugali iliyofungwa kwa kitambaa alikuwa anawangoja, na plasta kwenye paji la uso. Alikuwa Syntiche, binti wa Papa Symphorien, dereva katika uwanja uleule wa Willy. Hakuwa amehojiwa. Baba yake alisema amegonga kichwa, aachwe alale, na Serge, ambaye ana dada watano, alimwacha alale.

"Inspekta, munarudi kwenye biro? Ninapelekea Papa bukari. Nilipita hapa kuomba ruhusa ya leo, nikaona jipu yenu."

Victorine alimtazama. Alitazama viatu vyake vya turubai. Cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia, upande wa nje, kitambaa kilikuwa kimechakaa mpaka nyuzi zikaonekana, kama kilichokwanguliwa kila siku na ukingo wa kitu kigumu.

Akamrushia funguo. "Endesha weye. Mkono wangu unateleza."

"Shefu!" Serge alisema.

"Kaa nyuma, Serge. Shika chupa yako."

Syntiche alisita, akapanda. Alirekebisha kioo, akaondoka bila mtikisiko. Barabara ikaanza kushuka. Ulikuwa mteremko uleule: ukuta wa udongo mkono wa kushoto, kona chini, kabla ya kona mabaki ya kibanda cha Mama Thérèse, na baada ya kona bomba la maji na foleni yake ya ndoo za rangi zote, wanawake na watoto ishirini au zaidi.

Mbele yao pikipiki iliyobeba magodoro iliyumba na kuingia katikati ya barabara.

Syntiche hakufikiri. Mguu ulishuka kwenye breki, kisigino kikajikunja kwenda upande, injini ikasema vuum, mkono ukashusha vitesi, na jipu likapungua mwendo kama mtu anayekaa kwenye kiti. Halikuinamisha pua. Magodoro yalipita. Nyuma, Serge alikuwa ameinua chupa yake bila kifuniko, na hakuna tone lililomwagika.

Victorine aliitazama ile miguu. Ulikuwa wimbo uleule! Aliusikia mara nane asubuhi ile, na sasa ameusikia mara ya tisa.

"Simamisha pale, kwenye kibanda."

Syntiche alisimamisha. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Nani alikufundisha kushika breki na vitesi pamoja?"

"Kolwezi," Syntiche alijibu polepole. "Nilifanya formation ya majuma tatu, ya madereva ya mugodi. Kule wanasema kamiyo nzito isibaki hata kidogo bila vitesi kwenye muteremuko." Akazima injini. "Papa hapendi. Tuligombana mezani mwezi muzima. Anasema muntu hana miguu tatu."

"Alhamisi nani alikuwa kwenye usukani?"

Machozi yalianguka kabla ya jibu. "Ni mimi. Nilitaka kuja kusema jana, akatuma neno kutoka kasho: kama unafungua kinywa, usiniite tena Papa. Kazi ya Kolwezi inaanza jumatatu, Inspekta. Anasema mwanamuke mwenye aligonga kibanda ya muntu, nani atamupatia tena usukani? Anasema yeye amekwisha kuendesha yake."

"Na anaamini ni kosa yako?"

"Anasema ni mutindo yangu njo ilifanya ile. Mbili pamoja. Nilimuambia, Papa, pedali ilianguka hadi chini, freni ilikufa muguuni mwangu. Hakunisikia. Aliruka kwenda kumutoa Mama Thérèse chini ya paa. Na jana polisi wakasema freni nzima! Sasa hata mimi sijui. Siku mbili najiuliza kama niliota."

Serge alikuwa ameacha utani wote. "Shefu, tukirudi na hii, tunamtoa baba, tunamfunga mtoto."

Victorine alikuwa amekwisha kutoa simu. "Syntiche, futa macho. Nataka masikio yako. Hii ni sauti ya alhamisi. Usisikilize kishindo. Niambie kila sauti ni nini."

Filimbi ikaanza.

"Freni," Syntiche alisema.

Vuum.

"Natoa vitesi tatu, natia mbili."

Filimbi ikakatika.

Syntiche alifungua mdomo na kubaki hivyo. Victorine alikuwa ameinua kidole. Katika simu, baada ya filimbi, injini peke yake ilikuwa inanguruma, nzito, ikivuta, ikivuta, sekunde nzima na nusu, hadi kishindo.

"Kwa nini filimbi ilikatika?" Victorine aliuliza. "Uliinua mguu?"

"Niinue muguu na bantu wako mbele? Nilikuwa nimesimama juu ya pedali! Pale... pale njo ilianguka."

"Asubuhi nzima nilikuwa nasikiliza mwanzo wa ile filimbi. Nilitaka kumjua dereva. Mwisho wake sikuusikiliza hata mara moja!" Victorine alishuka kwenye jipu, akasimama barabarani, mkono mmoja hewani. "Hesabuni na mimi. Moja, breki zinashika. Mbili, zikiwa zinashika, vitesi inaingia. Tatu, breki zinakufa. Nne, kamiyo inashikwa na injini peke yake, ndani ya vitesi ya pili, na Syntiche anaibamiza kwenye ukuta wa udongo, penye kile kibanda. Sasa Serge, weka Papa Symphorien hapo. Moja, breki. Mbili, breki, bado hajamaliza. Tatu, breki zinakufa. Na mkono wake uko wapi?"

Serge alitazama kona, na bomba la maji lililokuwa chini yake. Mtoto mmoja alikuwa anacheza na kifuniko cha ndoo. "Mukono unangojea zamu," alisema taratibu.

"Na kamiyo bado iko kwenye vitesi ya tatu, na simenti yote nyuma, na breki hakuna."

Syntiche alikuwa anatazama ile foleni kama mtu anayehesabu vichwa.

"Lakini pedali ni ngumu," Serge alisema. "Tumeikanyaga sote."

"Kwa sababu mpira ni mpya. Willy anasema mwezi jana. Hii kamiyo inaenda Kabimba mara ngapi kwa juma?"

"Mara tatu," Syntiche alisema.

"Kila kitu chini yake kina unga. Ule mpira hauna unga hata wa safari moja. Umewekwa baada ya ajali, alhamisi jioni, kabla polisi hawajafika asubuhi."

"Jumanne nilimuambia patro pedali inalala," Syntiche alisema kwa hasira ambayo sasa tu ilipata njia. "Alinijibu, mbona papa yako halalamike?"

"Ni neno lako na lake," Serge alisema. "Tunahitaji ule mpira wa zamani. Na ule atakuwa ameutupa ziwani."

Victorine alitazama kiganja chake cha kulia. Akakinusa. Akakipeleka puani pa Serge.

"Nusa."

"Shefu, heshima..."

"Nusa!"

"Samaki."

Akakipeleka kwa Syntiche. Yeye hakuhitaji mara ya pili. "Hii si samaki. Ni mafuta ya freni, ya zamani. Umeshika wapi?"

"Kwenye ndoo ya Papa Cyprien!" Victorine alipiga kelele hadi wanawake wa bombani wakageuka. "Hapa mjini ni nani anatupa mpira mzima? Serge, endesha!"

"Endesha mimi ama Syntiche?"

"Yeyote mwenye haraka!"

Aliendesha Syntiche.

Papa Cyprien alikuwa anamwagilia mchicha wake kando ya ukuta. Victorine alimsalimia tena vizuri, kama inavyopasa, kabla ya kuomba ndoo.

"Papa, huu mpira wa kushikia, uliupata wapi?"

"Huu?" Mzee alifurahi kuulizwa. "Ile waya ilikuwa inanikata mukono, mwanangu. Ijumaa asubuhi nikaona mupira imetupwa kwenye takataka, pale nyuma ya biro. Nikasema, mupira nzuri namna hii? Nikakata vyuma vya mwisho, nikaivisha. Kuna mubaya?"

"Hakuna, Papa. Umefanya vizuri kabisa. Vile vyuma viko wapi?"

Vilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa amefikiri vingemfaa siku moja.

Willy alitoka na viatu vyake vyeupe wakati Serge anauchomoa waya. Victorine aliushika ule mpira mwangani, akaukunja polepole. Katikati yake ufa ukafunguka kama mdomo, na tone moja jeusi likaanguka kwenye vumbi.

"Patro Willy, huu ni wa gari gani?"

"Mi nijue mipira yote ya Kalemie?"

"Huu ulikuwa kwenye takataka zako ijumaa asubuhi. Ulibadilisha mwezi jana, nimeandika. Ulikaa mwezi mzima kwenye takataka, Papa Cyprien?"

"Hapana!" Mlinzi alikasirika. "Takataka mi naichoma kila alhamisi saa sita. Weye patro unajua."

Willy alitazama lango. Serge alikuwa amesimama hapo, chupa ya maji mkononi, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ni kitu kidogo tu," Willy alisema. "Ilikuwa imechoka kidogo. Nilisema itafikisha hata jumapili."

"Andika hivyo hivyo, Serge," Victorine alisema. "Neno kwa neno. Kisha mwombe aje na sisi."

Waliutia mpira ndani ya bahasha, na vyuma vyake viwili, wakaifunga na kutia sahihi juu yake mbele ya Papa Cyprien, ambaye aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa. Saa nane na dakika arobaini walikuwa biro.

Papa Symphorien aliletwa kutoka kasho. Alipomwona binti yake amesimama kando ya dirisha, uso wake ulifunga.

"Nilikuambia nini?"

"Hakusema yeye, Papa," Victorine alisema. "Gari limesema. Kaa, tafadhali. Ulinifundisha kusikiliza injini kabla ya kutazama saa ya mwendo. Leo nisikilizie."

Akaiweka simu mbele yake. Mzee alisikiliza na kichwa kimeinama. Filimbi, vuum, kimya cha filimbi, mngurumo, kishindo.

"Rudisha," alisema.

Mara ya pili, kidole chake kiligonga meza pale filimbi ilipokatika. Mara ya tatu mkono wake wa kulia ulitoka gotini, ukasogea hewani kutafuta kitu, ukafika umechelewa. Aliutazama ule mkono. Victorine alifungua bahasha, akamwonyesha ufa bila kuutoa mpira nje.

"Kule chini kwenye bomba," mzee aliuliza, "kulikuwa bantu wangapi?"

"Hatukuwahesabu wote, Papa."

Alivua miwani, akaifuta na kitambaa cha bukari, akaivaa tena ingawa haikuwa imesafika.

"Leta ile PV." Alichora mstari mrefu kutoka kona hadi kona. "Andika upya. Andika muendeshaji alikuwa Syntiche, binti yangu. Andika freni ilikufa, naye alikuwa amekwisha kutia mbili. Ile nayo uiandike. Usiisahau ile."

"Nitaiandika. Na umewadanganya polisi, Papa. Hilo nalo litaandikwa."

"Ni haki yako. Nilikufundisha kufuata sheria."

Serge alichukua dosye mbio kwenda parke, na Willy mbele yake. Saa tisa kasoro dakika tano. Jibu lilikuja kwa simu saa kumi: mzee aende nyumbani, arudi jumanne kujibu juu ya uongo wake, Syntiche ni shahidi, anaweza kusafiri kwa kazi yake.

Papa Symphorien hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alitaka kwenda hospitali, kwa Mama Thérèse, kumwomba radhi kwa mguu wake. Syntiche alishika usukani wa jipu. Mzee alikaa pembeni yake, Victorine nyuma, akiwa na sahani ya bukari mapajani, imepoa, haijaguswa.

Barabara ilianza kushuka. Mguu wa Syntiche ulikwenda kwenye breki, na mkono wake, kwa woga kidogo, ukaenda kwenye vitesi.

Victorine aliona mkono wa mzee ukiinuka, kiganja kimenyooka kama rula, kama ulivyoinuka miaka yote ile juu ya magoti ya mji mzima. Ulibaki hewani. Injini ikasema vuum, jipu likatulia chini yao, na kiganja kikashuka polepole juu ya goti lake mwenyewe.

"Tena," alisema. "Fanya tena. Nilikuwa natazama barabara, sikuona kisigino."